Historia ya kwetu nayo yastahili tuzo

Katika miaka yangu ya ualimu nimehukumu mashindano mengi ya insha, na hukumu zangu nyingi nimekwisha kuzisahau. Iko moja ambayo hadi leo yaniuma.

Ilikuwa mwaka 1994. Nilikuwa nikifundisha Historia katika shule moja ya upili iliyo njiani baina ya Bungoma na Kitale, pale ambapo mashamba ya mahindi huanza kuwa makubwa na nyumba kuwa mbalimbali. Mkuu wetu wa shule, mtu aliyependa vitabu, alitoa kamusi na shilingi mia tano ziwe zawadi kwa mwanafunzi ambaye angeandika insha bora kuhusu historia ya kwao. Madaftari thelathini na kitu yaliletwa mezani kwangu. Mimi na wenzangu wawili tukagawana kazi, na neno la mwisho likawa langu.

Insha niliyoipa nafasi ya kwanza ilihusu vita vya Chetambe vya mwaka 1895. Iliandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka, na sikuona ndani yake kosa hata moja la tahajia. Ilieleza jinsi Waingereza chini ya C. W. Hobley, wakisaidiwa na wapiganaji wa Nabongo Mumia, walivyowashambulia Wabukusu katika ngome ya Lumboka kisha katika ngome ya Chetambe, karibu na mji tuuitao leo Webuye, na jinsi bunduki zilivyoishinda mikuki. Yote hayo ni kweli. Yote yalikuwamo pia katika kitabu cha darasani, karibu neno kwa neno, nami nilikijua kitabu hicho kwa kuwa ndicho nilichokuwa nikifundishia. Nikajiambia kwamba mtoto amesoma, basi atuzwe.

Daftari jingine lilikuwa la mvulana wa kidato cha pili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea na mwandiko wake ulikuwa kama njia ya siafu. Hakuandika juu ya vita wala wafalme. Aliandika juu ya babu yake, aliyekuwa skwota katika shamba la mlowezi mmoja karibu na Kitale. Alieleza siku ngapi babu huyo alitakiwa kufanya kazi kila mwaka, ng'ombe wangapi aliruhusiwa kuwa nao, na siku ambapo wanaume wote wa shamba waliitwa wakaambiwa wawapunguze. Mvulana hakutosheka na babu yake. Alikwenda kwa wazee wengine wawili waliopata kuishi katika shamba lilo hilo, na pale waliposema tofauti na babu aliandika wazi: “Kuka anasema hivi, lakini huyu anasema vile.” Mwishoni alichora ramani: nyumba ya mlowezi, ghala, mto, safu ya vibanda vya wafanyakazi na majina ya wenye vibanda, na kando ya mto misalaba midogo kuonyesha walikozikwa waliofia pale.

Nilimpa alama 11 kwa 20. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu: “Nje ya mada. Chunga lugha.”

Nilikutana naye tena mwaka 2011, sokoni Kitale. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mtu mzima mwenye watoto. Alinisalimu kwa heshima, “Shikamoo Mwalimu,” nasi tukaketi tukanywa chai. Katika mazungumzo nikamwuliza juu ya daftari lile, kwa maana nilikuwa nimeanza kulikumbuka. Akacheka kidogo. Shamba lile, akasema, lilinunuliwa kwa hisa, likakatwakatwa vipande, na jamaa kadhaa walikuwa wamemjia kumwuliza kama anakumbuka makaburi ya wazee wao yalikuwa wapi, kwa maana palikuwa pamelimwa. “Nilikuwa nimeyachora, Mwalimu.” Daftari mama yake alikwisha kuliwashia moto zamani. Babu na wale wazee wawili walikuwa wamefariki wote. Alijaribu kunichorea upya juu ya karatasi ya risiti, akapata mto na ghala, kisha kalamu ikasimama.

Simlaumu yule aliyeshinda. Alifanya kile nilichomfunza. Mwenye lawama ni mimi, na kwa hiyo nataka kusema na walimu wenzangu, na wanafunzi wao, juu ya tuzo ambayo naona inahitajika katika kaunti hizi mbili: tuzo ya insha ya utafiti katika historia ya mahali petu, nayo itolewe kwa aliyechunguza hata kama lugha yake inachechemea.

Mashindano ya wanafunzi si mageni nchini. Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na shule zetu za magharibi zimerudi nalo na vikombe vingi. Shindano la insha la Jumuiya ya Madola, ambalo Wakenya hushiriki, limekuwako tangu 1883. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imekuwa ikiwaalika wanafunzi wa sekondari waandike juu ya utangamano wa nchi zetu. Ni mambo mema. Lakini insha za namna hiyo humtaka mwanafunzi atoe maoni, na maoni aweza kuyatoa akiwa ameketi bwenini. Siku hizi hata bweni halihitajiki sana, maana akili mnemba yaweza kumwandikia vita vya Chetambe kwa dakika moja, tena kwa Kiingereza kizuri kuliko cha yule mshindi wangu. Jambo ambalo mashine hiyo haiwezi ni kupanda matatu kwenda Kimilili, kumsubiri mzee arudi kutoka shambani, na kumwuliza jina la mtu aliyelala katika kaburi la tatu.

Ujerumani wamelifanya jambo hili tangu mwaka 1973. Rais wao wa wakati huo, Gustav Heinemann, pamoja na mfanyabiashara Kurt Körber, walianzisha shindano la historia kwa vijana, na sharti lake kubwa ni kwamba kijana achunguze mahali anapoishi au jamaa yake mwenyewe. Katika shindano la 1980 na 1981 mada ilikuwa maisha ya kila siku chini ya Wanazi. Msichana mmoja wa mji wa Passau, Anna Rosmus, akaanza kuuliza mji wake ulifanya nini miaka ile. Milango ya nyaraka ikafungwa. Akaenda mahakamani. Akatishwa. Swali alilolianza kwa ajili ya shindano la vijana likazaa kitabu mwaka 1983, na baadaye, mwaka 1990, filamu iliyotazamwa nchi nyingi. Watu wa Passau walikuwa wameishi na habari zile kwa muda wa miaka thelathini na mitano, na wengi waliokuwa watu wazima wakati wa vita walikuwa wangali hai. Aliyeuliza alikuwa kijana wa miaka kama ishirini.

Nasi yapo ya kuulizwa. Chukua Chetambe yenyewe. Hobley, aliyeongoza mashambulizi, aliishi akaandika kumbukumbu zake, nazo zikachapishwa mwaka 1929. Hivyo upande wa mwenye bunduki una kitabu tangu zamani. Upande wa waliokuwa ndani ya ngome ulibaki midomoni mwa watu kwa muda mrefu, hadi waandishi kama F. E. Makila, ambaye kitabu chake kuhusu historia ya Wabukusu kilitoka mwaka 1978. Hata hivyo kitabu kimoja hakiwezi kubeba kila ukoo. Nani aliingia ngomeni na nani alikataa? Wanawake na watoto waliotekwa walipelekwa wapi, na wangapi walirudi? Majibu ya maswali hayo, kama yangali yapo, yamo katika nyumba zilizo umbali wa kutembea kutoka shule nyingi za Webuye.

Au chukua Elijah Masinde na Dini ya Msambwa. Kila mwanafunzi wa Bungoma amelisikia jina hilo, na wengi hulitamka kwa mzaha. Wachache wajua kwamba tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo kule Malakisi, watu 11 wakauawa, na kwamba mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo, na Masinde akahamishwa akafungiwa mbali na nyumbani. Baada ya uhuru dini ikaruhusiwa, kisha serikali ya wananchi nayo ikaipiga marufuku mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987. Watu 11 wa Malakisi wana wajukuu. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na sikupata kumwona mwanafunzi aliyekuja na majina yao. Kusema kweli, sikupata kumtuma.

Mambo yasiyo ya vita nayo yapo, pengine ndiyo bora kwa anayeanza. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mahindi chotara yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha Kitale yalianza kutolewa kwa wakulima mwaka 1964, yakabadilisha ghala za nyanya zetu: mbegu iliyokuwa ikichaguliwa na mama wa nyumbani kutoka katika gunzi zuri ikawa kitu cha kununuliwa dukani kila msimu. Nani ameuliza akina mama walilionaje hilo? Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi miaka ya 1970, kikasimama mwaka 2009. Watu waliofanya kazi humo wangali wanaishi mjini, na masanduku yao yana barua za ajira, picha na vitambulisho. Hiyo ni historia pia, na ina karatasi.

Hapa ndipo mwalimu anapohitajika, kwa sababu utafiti una mitego ambayo mwanafunzi hawezi kuijua peke yake. Nitataja miwili niliyoanguka ndani yake mwenyewe. Wa kwanza ni wa marika. Wabukusu hutahiri wavulana katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila rika hupewa jina: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Mzee akikuambia kwamba jambo fulani lilitokea wakati Wanyange walipotahiriwa, amekupa tarehe, tena iliyo bora kuliko “hapo kale”. Lakini majina hayo manane huzunguka, na baada ya muda unaokaribia miaka mia moja jina hurudi kwa watu wengine. Asiyeuliza ni Wanyange gani aweza kumrusha mtu nyuma karne nzima. Nilipata kufanya hivyo mbele ya wazee, wakacheka hadi machozi.

Mtego wa pili ni wa majina ya wilaya. Mwanafunzi akienda katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi akaomba majalada ya Bungoma ya mwaka 1930, ataambiwa hakuna, na pengine ataondoka akiamini kwamba hakuna. Bungoma wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya North Kavirondo, ambayo baadaye iliitwa North Nyanza, na mwaka 1956 upande wetu ukatengwa ukaitwa Elgon Nyanza. Na Webuye katika karatasi za zamani ni Broderick Falls. Asiyejua majina hayo atapita mbele ya mlango wa babu yake bila kubisha hodi.

Kuhusu namna ya kutunza ushahidi, mwalimu mzuri tunaye Kitale, ingawa amekwisha kufa. Makumbusho ya Kitale yalianza na mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyefungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alifariki mwaka 1966 akaachia taifa mali hiyo, na jengo la sasa likafunguliwa mwaka 1974. Nilipokuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu huko, wao walikimbilia nyoka, mimi nikabaki kwenye vipepeo. Kipepeo wa mkusanyaji anayeijua kazi yake huwa na kijikaratasi chini ya pini, kikieleza alikamatwa wapi, siku gani na nani. Pasipo kijikaratasi hicho amebaki pambo la ukutani. Habari ya mzee ni vivyo hivyo. Nani kasema, akiwa wapi, mwaka gani, na yeye mwenyewe alijuaje: aliona au alisimuliwa? Yule mvulana wangu wa kidato cha pili aliyaandika hayo yote bila kufundishwa na mtu. Mimi niliona tahajia.

Najua pingamizi itakayoletwa, na si ya kupuuzwa. Wako watakaosema kwamba katika nchi hii ya Kitale na Mlima Elgon kuwatuma watoto wakachimbue historia ni kuwapa kiberiti. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya zile zilizoitwa Nyanda za Juu za Wazungu. Kabla ya Wazungu palikuwa na watu, na kila jamii ina habari yake: Wasabaot, Wapokot, Wasengwer, Wabukusu. Kati ya 1991 na 1993 nyumba zilichomwa Trans Nzoia na Bungoma, na watu wakauawa. Mlima Elgon ulilia tena kutoka 2006 hadi 2008, na chanzo kimojawapo kilikuwa ugawaji wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chebyuk. Nilikuwa na wanafunzi waliolala kanisani miezi kadhaa. Sihitaji kuelezwa.

Hata hivyo nauliza: waliochoma nyumba walikuwa wamesoma insha ya nani? Hawakuwa na ramani wala majina, wala mzee wa pili anayesema tofauti na wa kwanza. Walikuwa na sentensi moja tu, kwamba sisi ndio tuliotangulia, na sentensi hiyo kila upande ulikuwa nayo. Kama tuzo itakuwapo, basi iwe na sharti gumu: insha yoyote inayogusa ardhi au mipaka lazima iwe imemwuliza angalau mtu mmoja wa jamii ya upande wa pili, na maneno yake yaandikwe kwa ukamilifu kama alivyoyasema. Mtoto wa Kibukusu akiketi mbele ya bibi wa Kisabaot kwa saa mbili, akaandika asemayo bila kumkatiza, hata asiposhinda chochote atakuwa amefanya jambo ambalo wengi wetu tuliomlea hatukulifanya.

Katika kusahihisha, ningependa nusu ya alama, yaani kumi kwa ishirini, ziende kwa ushahidi: waliulizwa akina nani, walitofautiana wapi, na mwandishi amefanya nini na tofauti hiyo. Lugha ipewe alama tatu, basi. Na insha iruhusiwe kwa Kiswahili, Kilubukusu, Kisabaot au Kiingereza, kwa maana kumlazimisha mtoto atafsiri maneno ya nyanya yake kabla hajayaandika ni kumpoteza njiani. Nakala moja ya kila insha, iliyoshinda na isiyoshinda, ihifadhiwe katika makumbusho ya Kitale au maktaba, na nyingine apelekewe mzee aliyesimulia. Hilo la mwisho nalisisitiza. Wazee wetu wameulizwa mengi na watu wenye madaftari, na aghalabu hawakuona tena daftari wala mtu. Gideon Were, aliyezunguka magharibi ya Kenya katika miaka ya 1960 akiwahoji wazee, alichapisha mwaka 1967 si historia yake ya Abaluyia peke yake, bali na masimulizi yenyewe katika kitabu cha pili, ili wengine wayapime. Huo ndio uungwana wa kazi.

Fedha? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Kaunti mbili zikichangia bei ya tairi chache za magari yao makubwa, tuzo itasimama mwaka mzima. Mtaala wa umilisi, ulioanza kuchukua nafasi ya ule wa 8-4-4 mwaka 2017, nao unataka wanafunzi wafanye miradi. Mradi gani ulio rahisi kuliko huu? Lakini sioni sababu ya mwalimu kungoja kaunti. Mkuu wangu wa shule alianza na kamusi moja na shilingi mia tano, naye hakukosea. Aliyekosea ni hakimu.

Kwa wanaotaka kuanza, wakati mzuri kwa upande wa Bungoma ni likizo ya Agosti katika mwaka wa tohara. Wazee hukusanyika, jamaa waliohamia Kitale hurudi, na watu hukaa hadi usiku wakihesabu marika. Mwanafunzi aende na daftari na kalamu mbili, amwombe ruhusa kuka yake, na kabla ya swali lolote aandike juu ya ukurasa jina la msemaji, rika lake, mahali na tarehe.